Taa za Breki Hazikuwaka

Wiki jana mliniacha Igowole, nje ya nyumba ya wakwe zangu, ukungu umenilowesha mpaka fulana ya ndani. Mkononi nilikuwa na mfuko wa sukari, kichwani nilikuwa na uongo.

Dada mmoja wa Makambako amenitumia ujumbe. Anasema tangu asome ya wiki jana anaomba Mungu nife. Dada yangu, subiri kwanza. Soma ya leo, huenda ukabadilisha maombi.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anashika gazeti, naitwa Jailos. Nilikuwa fundi wa muziki wa magari hapa Mbeya, nyuma ya Mwanjelwa, kwenye ile safu ya gereji. Kibao changu kilisomeka JAILOS MASIKIO YA DHAHABU, na watu walikuwa wanatoka mpaka Tunduma kuja kufungiwa sabufa na mimi.

Hayo masikio ya dhahabu yalikuwa yamekufa. La kushoto kabisa. La kulia lilibakiza kidogo, namsikia mtu akinisogelea na kusema kwa nguvu. Mengine yote nilikuwa nayasoma midomoni. Miaka kumi na minne ya kuingiza kichwa ndani ya buti la gari linalonguruma si mchezo.

Siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, mke wangu Yusta.

Yusta ni binti wa Mzee Edmund, fundi redio wa Igowole, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi na kunipa vifaa vyake na pesa ya kibanda nije kuanzia maisha mjini. Masikio yalipoanza kuniacha, binti yake ndiye akawa masikio yangu. Tulikuwa na mbinu yetu.

Mimi nakaa nyuma, buti wazi, bisibisi mkononi. Nazungusha kile kiskrubu cha amplifaya kinachoamua nguvu kiasi gani iende kwenye sabufa, sisi mafundi tunakiita geni. Yusta anakaa kiti cha dereva, anajifanya anachezea redio. Sauti ikiwa safi, anatulia. Ikianza kukwaruza, anakanyaga breki. Taa nyekundu zinawaka pembeni mwa goti langu, narudisha bisibisi nyuma kidogo, kazi imekwisha.

Wateja wanatingisha vichwa. Huyu fundi ana sikio, wanasema.

Halafu Mzee Edmund akafariki. Yusta akaenda kuzika, akakaa huko siku saba. Mimi nikabaki na kiburi changu na gari la mteja mmoja mwenye haraka. Nikamfungia peke yangu, nikaizidisha geni bila kujua, na sabufa ikaungua kabla hajafika Uyole.

Mteja alirudi asubuhi ile ile ambayo Yusta alikuwa ameshuka kwenye basi, bado amefunga kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Akauliza, nani kaniunguzia spika yangu?

Nikamwonyesha mke wangu kwa kidole. Nikasema, "Ni huyu. Nilimwambia asiguse."

Yule mteja akamtwisha sabufa iliyoungua kichwani, juu ya kile kitambaa cheusi, akamtembeza kwenye safu nzima ya gereji. Mafundi wakawa wanapiga mabati wanamzomea. Na mimi nilipiga bati. Niliogopa nikikaa kimya watu watajiuliza kwa nini.

Hapo ndipo alipoondoka kwenda kwao. Na mimi sikumfuata kwa sababu ya mapenzi, nawaambia ukweli. Nilimfuata kwa sababu ya Asukile.

Asukile ni mfanyabiashara wa mpunga wa Chimala, mtu mzito, ana jengo jipya kando ya barabara kuu hapa mjini. Aliniahidi fremu ya duka, ile ya mbele kabisa, nikimfungia muziki wake ukamridhisha. Lakini jirani yangu Ambokile, fundi mwenzangu, alikuwa ameshaanza kunishuku. Alikuwa ananiita kutoka nyuma makusudi, kisha anawakonyeza wenzake.

Maneno yakamfikia Asukile. Akaja kibandani, akanisogelea.

"Wengine wanasema una masikio ya dhahabu, wengine wanasema ya mbao," aliniambia. "Jumamosi nakuja na Noah yangu, na nakuja na watu. Tutajua."

Sasa mmeelewa. Jumamosi hiyo ikipita vizuri, Ambokile atafunga mdomo maisha yake yote na mimi nitahamia kwenye fremu. Ikienda vibaya, nimekwisha, maana fundi wa muziki asiyesikia hana tofauti na dereva kipofu. Nilimhitaji Yusta kwenye kile kiti.

Basi tuingie ndani kwa wakwe.

"Kamwene, mama," nilimwamkia mama mkwe, Mama Verediana, akiwa mlangoni.

"Kamwene. Umekuja na nani?" Aliuliza kwa sauti kubwa, mpaka mimi nikamsikia.

"Peke yangu, mama."

"Peke yako! Umemdhalilisha mtoto wa watu mchana kweupe, unamfuata peke yako bila mzee hata mmoja wa kwenu? Haya, pita. Mjomba wake yupo."

Mjomba Zabron alikuwa amekaa karibu na moto. Yusta alikuwa pembeni, kanga ameivuta mpaka puani kwa baridi. Nikapewa kigoda. Nikakaa.

Mama Verediana akaanza kuzungumza, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Kwetu sisi mama mkwe hatazamwi usoni. Unainamisha kichwa, unatazama chini, unasikiliza. Kwa mwenye masikio hiyo ni adabu. Kwangu mimi ilikuwa sawa na kufungwa kitambaa machoni. Midomo yake sikuiona. Sauti yake ya chini ya msibani ilinifikia kama mtu anayeongea nyumba ya pili.

Ningeweza kusema, mama, nisamehe, sisikii vizuri, naomba nikutazame. Sentensi moja tu! Ningeisema, leo gazeti hili lingekuwa na hadithi ya mtu mwingine.

Sikuisema. Nilitazama miguu ya mama mkwe, na kila miguu hiyo ilipotulia nikajua ameuliza jambo, nikatikisa kichwa kukubali. Aliuliza mara tatu. Nikatikisa mara tatu.

Mara ya tatu niliona miguu ya Mjomba Zabron ikirudi nyuma chini ya kiti, kama mtu aliyeshtuka. Sikujali. Nilichotaka ni mke wangu kwenye basi la asubuhi.

Yusta akaja akachuchumaa upande wangu wa kulia. Akasema karibu kabisa na sikio, "Umekubali?"

"Nimekubali."

"Yote matatu?"

"Yote, mke wangu. Hata yangekuwa kumi."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu siku ile ya mabati, na mimi mjinga nikaliweka moyoni. Nikajua nimesamehewa.

Asubuhi Mjomba Zabron naye akatokea na begi, akasema anamsindikiza binti. Begi lilikuwa zito balaa. Nikataka kuonekana mkwe mwema, nikalinyakua nikalibeba begani mwangu mpaka stendi, natokwa jasho kwenye baridi ile ya Mufindi. Yusta alinitazama njia nzima.

Ndani ya basi alikaa upande wangu wa kulia. Tulipofika Chimala, akanigusa bega.

"Jailos. Umenifuata kwa ajili yangu au kwa ajili ya kazi?"

"Kwa ajili yako, mke wangu. Kazi ni kitu gani?"

"Na Noah ya Asukile inakuja lini?"

Nani kamwambia? Baadaye nilikuja kujua ni Tupokigwe, mama anayetuuzia chai pale gereji, alikuwa anampigia simu kila jioni.

"Noah gani?" nikasema.

Akageukia dirishani. Kutoka Chimala mpaka Mbeya hakunigusa bega tena.

Jumamosi saa nne asubuhi Asukile akafika. Hakutania aliposema atakuja na watu. Wafanyabiashara wanne, mafundi wa safu nzima, na Tupokigwe ameacha birika lake jikoni amekuja na ndoo ya maji akae juu yake atazame vizuri. Ambokile alisimama mbele kabisa, amekunja mikono.

Asukile akashusha boksi la sabufa jipya. Lilikuwa limeandikwa wati elfu mbili kwa maandishi yaliyochorwa kama ndimi za moto.

"Elfu mbili!" alisema. "Na amplifaya yangu ni ya mia tisa tu. Naona itakuwa ndogo, au vipi fundi?"

Nilikuwa sijafungua mdomo, Yusta akaichukua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi.

"Kaka Asukile, hiyo elfu mbili ni ya kuuzia," alisema. "Ni nguvu inayoweza kuibeba kwa kufumba na kufumbua, basi. Nguvu inayoweza kukaa nayo saa nzima wameiandika huku chini kwa herufi ndogo. Hii hapa, RMS, mia nne."

"Mia nne? Kwa hiyo amplifaya ndiyo kubwa?"

"Imeizidi zaidi ya mara mbili."

"Kwa hiyo haifai?"

"Inafaa sana. Amplifaya kuwa kubwa si tatizo, tatizo ni mkono wa fundi. Koili zake mbili tukiziunga pamoja tunapata omu mbili, amplifaya hii inakubali omu mbili. Halafu kabla ya kuunga sabufa yenyewe, tunapima kwa mita. Ikisoma volti ishirini na nane, tunaacha hapo hapo, hatuongezi. Gari litazeeka, sabufa itabaki."

Watu walimtazama. Asukile alimtazama. Ambokile alinitazama mimi.

Yusta akaingiza mkono kwenye mkoba wake akatoa mita ya marehemu baba yake, ile ya njano iliyozungushiwa gundi ya karatasi. Akanipa mbele ya watu wote.

"Pima kwa mita, Jailos."

Wasomaji wangu, ningeichukua ile mita! Mita haihitaji masikio. Mzee Edmund alinifundisha miaka ile, nikiwa bado nasikia hata panya kwenye dari. Ningeisoma kwa macho yangu haya mawili mazima, kazi ingetoka safi, na siri yangu ingelala.

Lakini niliona Ambokile anatabasamu. Nikafikiri, nikipima kwa mita atasema ni kwa sababu sisikii.

Nikacheka kicheko kikubwa. "Mita ni ya wanaojifunza. Masikio yangu ndiyo mita."

"Na fyuzi uliyoandaa ni ya ampea mia," Yusta alisema. "Waya wako mwembamba. Weka ya sitini, fyuzi ikatike kabla waya haujaungua."

"Bibi, kaa kwenye kiti chako!"

Watu wakacheka. Yusta akairudisha mita mkobani taratibu. Akazunguka, akapanda kiti cha dereva, akavuta mlango.

Nikapitisha waya wangu chini ya zulia, nikaingia nyuma, nikaunga koili, nikafunga sabufa kwenye kasha lake. Flashi ya Asukile ikachomekwa. Nikainua kidole gumba, na Yusta akafungulia.

Nilianza kuusikia mdundo kifuani, kama kawaida yangu. Nikazungusha bisibisi. Nikatazama taa.

Sisi mafundi huwa tunakisoma kile kiskrubu kama saa ya ukutani. Kwa amplifaya kubwa namna ile, Yusta hukanyaga breki kikifika saa nne au saa tano hivi, kikizidi sana saa sita. Nikafika saa tano. Taa kimya.

Nikafika saa sita. Kimya.

Nikajiambia, kweli hii sabufa ni ya maana. Nikaenda saa saba. Mfuniko wa ndoo ya Tupokigwe ulikuwa unarukaruka. Tupokigwe mwenyewe alisimama, ameziba masikio kwa viganja. Watu wakaanza kurudi nyuma. Nikajua wamezidiwa na utamu.

Saa nane. Saa tisa.

Nikainua macho kidogo kutazama kile kioo cha dereva cha kuonea nyuma. Macho ya Yusta yalikuwa ndani ya kile kioo, yananitazama. Hayakupepesa. Nikamtolea ishara ya kichwa, vipi? Akanijibu kwa kichwa, endelea.

Miaka mitatu nilimwamini yule mwanamke kuliko nilivyoiamini mikono yangu. Nikaendelea.

Saa kumi.

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Gundi inaungua. Nikadhani ni wale wachomeleaji wa jirani. Nikaikazia macho ile taa ya breki, nikiisubiri, nikiiomba iwake. Wakati huo, nimesimuliwa baadaye, watu zaidi ya ishirini walikuwa wanapiga kelele kwa pamoja, "Zima! Zima! Inawaka!" Ambokile alikuwa anapiga ubavu wa gari kwa ngumi. Mimi nimeinama, natabasamu, naongeza.

Moshi ukatoka kwenye sabufa kama mtu anayepuliza sigara. Kisha zulia la sakafu likaanza kujikunja lenyewe, mstari mrefu mweusi kufuata pale nilipopitisha waya. Fyuzi ya mia haikukatika. Iliuacha waya uungue, kama alivyosema.

Asukile akanishika ukosi akanitupa chini. Ambokile akamwaga mchanga. Mjomba Zabron, nikamwona kwa macho yangu, alikuwa ameshafungua boneti zamani na spana mkononi. Akachomoa waya wa betri kwa mara moja, kama mtu aliyekuwa anasubiri zamu yake.

Wanasema kukawa na kimya cha ajabu. Mimi sijui. Kwangu hakuna kilichobadilika.

Nikabaki nimepiga magoti nalitazama lile kasha, najiuliza niseme nini, nimsingizie nani. Nawaambieni kweli kabisa, jina la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa la Yusta. Tena!

Nilipoinua uso, nikaona watu hawatazami gari. Wananitazama mimi. Halafu wanatazama kitu kilicho nyuma yangu. Halafu mimi tena. Tupokigwe alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Nikageuka. Yusta alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya kisogo changu.

"Nimekuuliza mara tano," alisema, akitamka polepole midomo yake niisome vizuri. "Watu wote hawa wamenisikia. Nimekuuliza jina la marehemu baba yangu, aliyekupa kazi hii. Mara tano, Jailos."



Akawageukia watu. Akasema kwa sauti kubwa, nami nikamsikia, maana alitaka nisikie. "Hasikii. Huu mwaka wa tatu hasikii. Muziki wote mliokuwa mnamsifia, mimi ndiye nilikuwa nakanyaga breki kumwonyesha pa kuacha. Na ile sabufa mliyonitwisha kichwani, siku ilipofungwa mimi nilikuwa namzika baba yangu."

Hakuna fundi aliyemtazama usoni. Yule aliyepiga bati kuliko wote alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Kwa nini hukukanyaga?" nikamuuliza. Nilikuwa nalia, sioni aibu kulisema. "Yusta, kwa nini hukukanyaga breki?"

"Nilikupa mita. Ukacheka."

Asukile akaingia katikati. Uso ulikuwa umemvimba. "Ngoja kwanza. Dada, wewe ulijua inaungua, ukaacha gari langu liungue?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

"Kaka Asukile, wewe si ulikuja na watu umpime? Amepimwa."

Asukile akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea Noah yake, na wale wafanyabiashara wake wakacheka, na safu nzima ikacheka. Sikukisikia kicheko hicho. Nilikiona tu, meno kila ninapogeukia.

"Gari lako utaondoka nalo leo, na muziki ndani," Yusta alimwambia. "Mjomba, lete begi."

Begi! Lile begi!

Mjomba Zabron akalifungua. Ndani kulikuwa na sabufa ya zamani ya Mzee Edmund, imefungwa kwenye blanketi. Waya mnene mwekundu. Fyuzi ya sitini. Vyote nilivibeba mimi, begani kwangu, kutoka Igowole.

Yusta akamwonyesha Asukile mgongo wa ile sabufa. Mzee Edmund alikuwa ameandika kwa mkono wake kwenye sumaku, RMS 200, omu 2, volti 20.

"Ni ndogo kuliko yako, lakini ndiyo itakayokufikisha Chimala," alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe kaa kiti changu."

Nikaenda nikakaa kiti cha dereva. Sijui kwa nini nilitii. Mguu wangu wenyewe ukaenda juu ya breki ukakaa pale, hauna kazi. Kwenye kioo nilimwona mke wangu akipitisha waya mpya, akifunga fyuzi karibu na betri, akibandika ncha za mita. Akazungusha bisibisi kidogo. Akasoma. Akazungusha tena kidogo. Ishirini. Akaiweka bisibisi chini, akaunga sabufa, muziki ukafunguliwa.

Niliusikia kwenye makalio, kupitia kiti. Laini, mzito, hauna papara. Kwenye kioo watu walianza kutingisha mabega. Asukile akapiga makofi.

"Ndaga fijo, dada!" alimshukuru. "Fremu ile ni yako. Jumatatu njoo uchukue funguo."

Nikashuka. Ndipo nilipomwona Mjomba Zabron amepanda juu ya kigoda mbele ya kibanda changu, anafungua skrubu za kibao. MASIKIO YA DHAHABU yalikuwa yananing'inia upande mmoja.

"Mjomba, unafanya nini?"

Akashuka. Akaja kwenye sikio langu la kulia, akasema kwa nguvu na bila hasira, kama mtu anayemsomea mwingine tangazo.

"Natimiza ulichokubali mbele ya mama mkwe wako. Ulitikisa kichwa mara tatu, nimeshuhudia. La kwanza, kwamba ukweli utasemwa hadharani, mahali pale pale ulipomdhalilisha. Hilo limekwisha. La pili, kwamba kibanda na vifaa ni mali ya marehemu Edmund, na vinarudi kwa binti yake. Ndilo hili nalimalizia."

Nikakumbuka ile miguu yake ikirudi nyuma chini ya kiti, karibu na moto.

"Na la tatu?"

Mjomba akamtazama Yusta.

Wakati huo Ambokile alikuwa amekwishaibeba ile sabufa iliyoungua, bado ina joto, anakuja nayo kwangu huku wenzake wakiokota mabati. Nikainamisha kichwa. Nilijua ni haki yangu.

"Ambokile, iweke chini," Yusta alisema. "Hilo halimo katika aliyoyakubali."

Akaiweka.

Nikamwendea mke wangu. Safari hii sikutazama miguu. Nilimtazama usoni, midomoni, kama mtoto anayesubiri kulishwa.

"Yusta, mama aliniuliza nini mara ya tatu? Nilikubali nini?"

Nikadhani atalia. Kisha akashika pindo la kanga yake, akaliinua, akaziba mdomo kuanzia puani mpaka kidevuni, halafu ndipo akanijibu.

Alisema maneno mengi. Niliona kitambaa kikienda na kurudi kwa pumzi yake. Tupokigwe akaketi chini, mchangani. Ambokile, ambaye alikuwa bado anacheka, akaacha. Asukile akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

Nikamwomba arudie. Akarudia, na kanga hakuishusha. Hapo nikalielewa la tatu bila kulisikia: si masikio yangu tena, wala si mke wangu.